Taifa Moja, Pua Moja

Kwanza kabisa niseme kwamba nchi yetu ina amani. Nasema hivyo mapema kwa sababu wako watu ambao wakisikia habari zetu hukimbilia kuuliza maswali, na mimi ni mjumbe wa mtaa, nina muhuri na nina kofia, na maswali ya mtaani kwangu huwa yananirudia mimi mwenyewe. Jina la nchi sitalitaja. Kama unaishi humo unalijua, na kama huishi humo, mshukuru Mungu ukalale.

Mambo yalianza Mama Mkuu wa Taifa alipokwenda ng'ambo kutibiwa mafua. Wakubwa wetu hutibiwa mafua ng'ambo, kwani hospitali zetu ni nzuri mno na wanaogopa kuzichakaza. Alikaa huko miezi, akarudi na pua mpya, rangi mpya, kiuno kipya, na kidevu ambacho hata mumewe ilibidi atambulishwe. Kwaya ya mapokezi pale uwanjani haikumjua. Ikampita, ikaenda kumwimbia mhudumu wa ndege, ikamvisha shada la maua na kumkabidhi mbuzi wa zawadi. Yule dada wa watu akaondoka na mbuzi wake, na kwaya nzima ikahamishiwa mpakani.

Basi, ili Mama asijione mpweke na sura yake, Bunge likapitisha Sheria ya Sura ya Kitaifa. Waheshimiwa walipiga meza mpaka moja ikavunjika. Kaulimbiu ikapakwa kwenye kila ukuta: TAIFA MOJA, PUA MOJA. Ikaundwa Wizara ya Sura na Maumbo, na Wizara ikajenga Karakana Kuu, jengo la ghorofa lenye vioo ndani na nje, ambamo raia mwenye kasoro huingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma akiwa hana kasoro tena. Wachache hawakutokea, lakini Wizara ilieleza kwamba hao walikuwa na haraka zao. Kwa watoto huduma ni bure. Serikali yetu inawapenda watoto.

Sasa, Karakana haikuweza kutunyoosha wote kwa mpigo, ndipo Wizara ikaanza na yaliyo rahisi, yaani maneno na picha.

Maneno kwanza. Ukisema mtu ni mweusi, umevunja sheria. Sema "rangi yake iko njiani." Hakuna mtu mnene, kuna mtu ambaye "umbo lake linashughulikiwa." Pua pana ni "pua inayosubiri." Na sisi tulikuwa watu wa kuitana Bonge, Kipara, Kimbaumbau, Mama Mwanya, mtu anaitika huku anacheka! Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alilala ndani kwa kumwita mkewe "bonge langu" mbele ya mashahidi. Mke akaenda kumwekea dhamana huku analia, anawaambia maafande jamani, hilo ndilo jina alilonitongozea.

Kisha picha. Ukipiga picha, studio inaipeleka wizarani, kule kuna mabwana wanaoitwa wanyooshaji, wanakunyoosha pua, wanakuosha rangi, wanakukata kiuno, halafu picha inarudi kwako na baraka za taifa. Picha za zamani zilikusanywa zote zikachomwa kwenye uwanja wa shule. Kila nyumba iliamriwa kutundika sebuleni picha za watoto zilizonyooshwa, na Mkaguzi wa Kuta akawa anapita kuangalia. Akikuta mtoto amepishana mno na picha yake, hana maneno mengi. Gari liko nje, mtoto anapakiwa hapo hapo kupelekwa Karakana, na mzazi anapewa kalenda ya kuhesabia siku.

Dada yangu Zuwena anayo sebule kama watu wengine, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Chausiku. Baba wa mtoto alishafariki. Wizara ilimshauri ambadilishe jina amwite Chamchana, kwamba lile la kwanza lina giza ndani yake. Zuwena akasema hilo jina ni la mama mkwe na hatalibadilisha hata wamnyonge. Ni mkali dada yangu huyo, na mpaka wakati huo hiyo ndiyo amri pekee niliyokuwa nimemwona akiikataa.

Nikwambie Chausiku alikuwaje? Siruhusiwi. Niseme tu kwamba rangi yake ilikuwa njiani, umbo lake lilikuwa linashughulikiwa, na alipocheka nyumba ya tatu walijua.

Alikuwa mwimbaji wa shule. Akiimba yeye, hata mwalimu wa hesabu anakuja kusimama mlangoni. Ulipotungwa wimbo wa Siku ya Sura, Mwalimu wa Maumbo akampanga Chausiku nyuma ya pazia na kumweka mbele binti mwingine mwenye pua iliyokamilika. Chausiku anaimba, yule anafungua mdomo. Wageni walipiga makofi mpaka wakasimama, wakamtunza yule binti noti kwenye nywele. Chausiku alirudi nyumbani akasema, "Mjomba, wameipenda sauti yangu." Nikamwambia hongera. Ningemwambia nini?

Baada ya hapo akaanza kucheka na mkono mdomoni. Akaanza kupunguza chakula, nyama anampa paka. Siku moja Zuwena akamkuta bafuni anajisugua mikono kwa lile jiwe la kusugulia miguu, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Utajichubua wewe mtoto!"

"Si ndicho ninachotaka, mama."

Zuwena alinisimulia hayo akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wangu, amejikunyata, na dada yangu si mtu wa kukaa kwenye vizingiti vya watu. Nilimwambia ajikaze. Niliona uchungu lakini nilikuwa nimevaa kofia.

Picha ya Chausiku ikarudi kutoka wizarani. Ee bwana, wanyooshaji walikuwa wamefanya kazi. Pale kwenye fremu palikuwa na binti mweupe, mwembamba, kapua kama kisu cha kumenyea embe. Zuwena akaitundika, maana ndiyo amri. Chausiku akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Huyu nani, mjomba?"

"Ni wewe."

"Mzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto wa jirani.

Siku Mkaguzi wa Kuta alipofika mtaani nilimsindikiza mimi, ni kazi yangu. Alikuwa bwana mwenye kitambi, ingawa cha kwake kilikuwa na kibali. Akaketi kwa Zuwena, akaitazama picha, akaguna kwa raha.

"Huyu ndiye binti yako? Mashallah! Mama, umelizalia taifa. Yuko wapi tumsalimie?"

Kabla Zuwena hajatunga neno, pazia la jikoni likafunguka, Chausiku akaingia na sinia la chai. Hakuambiwa ajifiche, maana hatukujua kama Mkaguzi angeanzia nyumba hiyo. Nikaona dada yangu amekauka. Nje injini ya lile gari ilikuwa inanguruma, hata hawakuwa wameizima.

Mkaguzi akamtazama mtoto, akaitazama picha, akamtazama mtoto.

"Na huyu? Msichana wa kazi?"

Zuwena akasema, "Ndiyo."

Akasema, "Ndiyo, bwana mkubwa. Msichana wa kazi. Binti yangu amekwenda kwa shangazi yake."

Chausiku aliinamisha kichwa. Mkaguzi akamwambia, "Sukari vijiko viwili, dada," naye akaweka vijiko viwili, akakoroga vizuri bila kumwaga, akasema, "Karibu," akarudi jikoni. Mkaguzi akanywa chai yote, akaisifu, akaomba tangawizi zaidi safari ijayo. Alipotoka tu, na lile gari lilipokata kona, Zuwena alikimbilia jikoni ameshafungua mikono. Moto ulikuwa unawaka, maji yanachemka, mlango wa uani uko wazi. Mtoto hakuwepo.

Tulidhani amekwenda kulia mahali na atarudi. Giza likaingia, kukakucha, hakurudi, na asubuhi hiyo tukaenda kituoni.

"Leta picha," afande akasema.

Zuwena akatoa ile ya ukutani, kwa kuwa ndiyo picha iliyobaki duniani. "Lakini afande, mwanangu hafanani na hii."

Afande akaweka kalamu chini. "Mama, unaikana picha ya serikali?"

"Siikani. Nasema tu mwanangu ana..."

"Chunga ulimi wako, mama. Ana nini?"

Zuwena akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akasema mwanawe ana umbo linaloshughulikiwa. Afande akacheka kwa huruma, akasema mama wote wanasema hivyo, akapiga muhuri. Kesho yake mji mzima ukabandikwa mabango: AMEPOTEA CHAUSIKU, na chini yake yule binti mweupe anatabasamu.

Mimi nikapewa gari la matangazo na kipaza sauti. Nilizunguka mji nikisoma maelezo jinsi yalivyoidhinishwa: "Amepotea mtoto wa kike, rangi ya kitaifa, pua ya kitaifa, kiuno cha kitaifa. Atakayemwona atoe taarifa." Nilisoma kwa sauti nzuri. Watu walisimama, wakasikiliza, wakatazamana, wakaendelea na safari zao.

Ila wapo waliojitolea, msiseme watu wetu hawana moyo. Vijana wa sokoni walimkamata binti wa Waziri wa Sura mwenyewe akitoka saluni, wakambeba juu juu mpaka kwa Zuwena huku anapiga mayowe. Vijana wakaona cha mtema kuni. Bwana mmoja alileta mkewe, akaulizwa mbona huyu mtu mzima, akasema alikuwa anajaribu tu. Na wapo waliofika wakishangilia, wamebeba sanamu la plastiki la duka la nguo, lile la kuvalishwa magauni, wamelifunga kanga kwa heshima. Afande akaliweka karibu na bango, akalizunguka, akasema kusema kweli huyu ndiye aliyekaribia kuliko wote. Akamtaka Zuwena atie sahihi.

Dada yangu hakucheka. Kila binti aliyeletwa mlangoni alimkaribisha, akampa chai na andazi, akamuuliza jina la mama yake, akamrudisha kwao. Mchana alikuwa anakwenda kwenye mabango, anasimama. Nilimkuta mara moja ameziba uso wa yule binti kwa kiganja, anaangalia nafasi iliyobaki.

"Kaka," akaniambia, "tunamtafuta nani?"

Nilisema tunamtafuta Chausiku. Akasema hapana, nisome bango vizuri.

Wiki zikapita. Siku moja nikawa natangaza kwenye ile barabara inayopita chini ya madirisha ya Karakana Kuu, inayotazamana na soko. Zuwena alikuwa kiti cha mbele. Nilipofika kwenye "kiuno cha kitaifa" akaninyang'anya kipaza sauti. Ningeweza kumzuia. Nilivua kofia nikaiweka mapajani.

"Chausiku!" akaita. "Chausiku mwanangu, ni mama! Na nyie jamani nisikilizeni, niwaambie mtoto wangu alivyo. Ni mweusi! Mweusi tii, kama baba yake, mweusi aliyependeza! Ni mnene! Ana mashavu, ana mapaja yanasuguana akikimbia, na akikimbia anacheka. Pua yake ni pana, nimeibusu mimi hiyo pua tangu ina siku moja. Ana mwanya, anapigia mluzi kwenye mwanya. Mkono wa kushoto ana kovu la uji. Akila wali anaanza na ukoko. Hajanyooka popote na sikumwomba Mungu aninyooshee! Chausiku, nilisema wewe ni msichana wa kazi ili wasikuchukue. Gari lilikuwa nje, mama. Sikukuonea haya. Niliogopa. Rudi nyumbani na pua yako hiyo hiyo!"

Muuza vitunguu alibaki ameshika mizani. Miaka mingi maneno yale hayakuwa yamesikika hadharani, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kulia, anasema na wangu mweusi, na wangu mweusi jamani, anamgeuza mtoto watu wamwone. Askari wakaja mbio. Dada yangu akakamatwa kwa kosa la kutumia rangi hadharani bila kibali, na mimi nikaachwa kwenye gari na kipaza sauti kinachokoroma.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja akijifuta mikono kwenye kanga. Akajitambulisha kuwa ni Bi Sikudhani, mama lishe, ana kibanda nyuma ya soko.

"Huyo aliyetajwa sasa hivi," akasema, "mbona nilikuwa naye! Mweusi, ana mwanya, kovu mkono wa kushoto. Alikuwa ananioshea vyombo. Mmekaa mnatangaza vitu gani siku zote hizi?"

Nikamuuliza kama mtoto hakuona mabango.

"Aliona. Moja limebandikwa kwenye mlango wangu. Kila asubuhi alikuwa analifuta vumbi. Nikamuuliza, huyu ndugu yako? Akasema hapana, ni jina langu tu. Akasema, bibi, yupo mama anamtafuta mtoto wake mzuri, analia mji mzima. Akasema akimpata atafurahi sana."

"Sasa yuko wapi?"

Bi Sikudhani akageuza shingo akalitazama lile jengo la vioo. "Ameondoka juzi. Alisema anakwenda kufanana."

Nilikimbia na umri wangu huu mpaka mlangoni pa Karakana. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani, nikamweleza. Akanionyesha bango ukutani, akaniambia bwana mjumbe, aliye humo ndani bado hajawa yeye, subiri awe yeye ndipo umwone. Nikamwambia ni mpwa wangu. Akaniambia ataniita.

Mtoto alitoka baada ya muda, kwa mlango wa nyuma kama inavyotakiwa, na alikuwa amelingana na bango kila kitu. Wizara ilifanya sherehe. Tulikuwepo wote, bendi, maturubai, Mama Mkuu mwenyewe juu ya jukwaa. Mheshimiwa Waziri akasimama, akakohoa kohoo la kiserikali.

"Ndugu wananchi! Leo, kwa mara ya kwanza tangu tupate uhuru wetu, raia amefanana na picha yake! Wale waliokuwa wakibeza, wako wapi? Wale waliokuwa wakisema picha zetu ni za uongo, waje wamtazame huyu mtoto! Tulimtafuta, hatukumpata, basi tukamtengeneza!"

Makofi. Bendi. Zuwena akatolewa rumande kwa msamaha maalumu, akapandishwa jukwaani na nguo zile zile alizokamatwa nazo. Waziri akamshika yule binti begani.

"Mama, huyu ndiye mwanao?"

Dada yangu alimtazama. Alimtazama muda mrefu, mpaka mpiga tarumbeta akaanza kuona haya. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa yule mtoto, akaugeuza. Ulikuwa laini kote. Kovu walikuwa wameliondoa. Yule mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sasa unaweza kuniita mwanao mbele za watu."

"Ndiye," Zuwena akasema. "Ni mwanangu. Huyu ni mwanangu mimi." Alisema mara nyingi mpaka wakamwondolea kipaza sauti.

Tukarudi nyumbani. Majirani wakaja kumwona, wakamsifia, wakaenda zao. Mkaguzi wa Kuta akaleta zawadi ya kioo. Tulipobaki watu watatu, Zuwena akaingia jikoni kupika wali, na Chausiku akakaa mlangoni, mbali na moto, maana ngozi ile haitaki joto. Zuwena akakwangua ukoko akamwekea kwenye sahani, na mtoto akasema midomo bado haifunguki vizuri, atakula kesho.

Halafu akasema, "Mama, nilikusikia."

Zuwena akageuka.

"Siku ile. Nilikuwa nimelala juu huko, nimefungwa uso mzima. Walikuwa wamemaliza asubuhi ile ile. Gari likapita chini ya dirisha, nikamsikia mjomba, halafu nikakusikia wewe. Ukasema mweusi. Ukasema pua. Nikataka kuita, mdomo ulikuwa umeshonwa. Nikawa nasema tu moyoni, kumbe. Kumbe ananitafuta mimi."

Dada yangu aliacha mwiko ukaanguka. Akamwendea mwanawe pale mlangoni, akapiga magoti, akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa amezihifadhi tangu siku ile ya chai.

"Taratibu, mama," Chausiku akasema. "Bado panauma."